Faili la Nikaha

Binti mmoja wa Tanga aliolewa Muscat, na kwa ukali wa nauli wazazi wake wakabaki nyumbani. Shoga yake akarekodi nikaha kwa iPhone, akapandisha faili mtandaoni na kumtumia kaka wa bibi harusi kiungo cha kulipakulia, kiungo cha wiki moja tu. Kaka akalipakua kwenye simu, akalihamishia kwenye flashi, akaichomeka kwenye runinga mbele ya wazee waliokwisha kujifukiza udi. Runinga ikaandika kwamba faili halitambuliki.

Akafanya wanavyofanya wengi: akabadili herufi za mwisho za jina, .mov ikawa .mp4. Ni kama kuandika "sukari" kwenye kopo la chumvi. MOV na MP4 ni vifungashio. Kinachoamua ni namna picha zilivyobanwa ndani. iPhone nyingi tangu 2017 hubana kwa H.265, na runinga ile kuukuu iliishia kwenye H.264, mtindo wa 2003.

Basi akatafuta programu ya kugeuza, akachukua ya bure iliyotangulia kujitokeza. Iliahidi faili jepesi. Wepesi unatoka wapi? Hakuuliza, wala mipangilio hakuifungua. Faili likacheza, vigelegele vikapigwa, naye akafuta lile la mwanzo ili simu ipate nafasi.

Wepesi ulitoka kwenye sura za watu. Programu ilishusha picha kutoka mistari 1080 hadi 240, na kubana video kwa kawaida ni kutupa: kilichotupwa hakirudi hata ukiligeuza tena liwe kubwa. Bibi yao alipouliza nani yule aliyekaa ubavuni mwa bwana harusi, sebule nzima haikuwa na jibu.

Wiki mbili baadaye akaenda kwa fundi wa kompyuta.

"Lete faili la mwanzo, kaka."

"Nimelifuta."

"Na kiungo?"

"Muda wake umekwisha."

Fundi akamweleza kwamba programu ya HandBrake, nayo ya bure, ingeligeuza kuwa H.264 na kuiacha mistari yote 1080. Tena kugeuza kwenyewe hakukuwa lazima: programu ya VLC kwenye kompyuta inacheza H.265, na waya wa HDMI ungepeleka picha kwenye runinga ileile.

Wakampigia shoga wa Muscat. Naye alikuwa amefuta la kwake siku alipoambiwa limefika salama.