Uovu Mdogo kwa Kipimo cha Nani?

Wanaoitetea Marekani kwa iliyoyafanya Kongo miaka ya 1960 wana hoja moja kubwa: dikteta Mobutu alikuwa uovu mdogo, na bila yeye Wasovieti wangeitwaa nchi. Sitaibeza. Vita Baridi vilikuwa vya kweli, na waasi walioitwa Wasimba, walioiteka Stanleyville mwaka 1964, waliua raia wengi, wengi wao Wakongo wenzao. Lakini hoja hii inalinganisha uovu uliotokea na uovu wa kukisiwa, na cha kukisiwa unaweza kukikuza kadiri unavyotaka. Tena aliyeshika mizani si yeye aliyelipa.

Mwaka 1960 CIA ilipeleka sumu Léopoldville, mji mkuu, ili kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church iliyaanika hayo mwaka 1975. Sumu haikutumika. Lumumba aliuawa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga, tarehe 17 Januari 1961, mikononi mwa Wakatanga na maofisa wa Kibelgiji. Baadaye marubani Wakuba waliomkimbia Castro waliwapiga Wasimba kwa ndege za CIA. Novemba 1965 Mobutu akatwaa madaraka, akayashika hadi Mei 1997.

Sasa, ili kumwona aliyelipa, panda kutoka Sake kwenda Masisi, mashariki mwa Kongo. Kilima baada ya kilima ni malisho yaliyozungushiwa ua, na ng'ombe wanaotoa maziwa ya jibini linalouzwa Goma. Pembeni, kwenye mteremko mkali, mama analima maharage katika kipande kisicho chake. Wengi wa namna yake hulipia kipande hicho kwa siku za kazi shambani kwa tajiri. Mashamba hayo makubwa, mengi yake, yalikuwa ya walowezi. Mwaka 1973 Mobutu aliwanyang'anya, na waliofaidika ni watu wenye mkono serikalini. Mwaka huohuo sheria ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, mkulima wa kimila akabaki hana hati wala mtetezi. Uraia nao ulichezewa hivyo hivyo: Banyarwanda, yaani Wakongo wenye asili ya Rwanda, walipewa kwa sheria ya 1972, wakanyang'anywa kwa ile ya 1981. Ugomvi huo wa ardhi na uraia ukalipuka: tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa sokoni Ntoto, Walikale. Mauaji yakasambaa hadi Masisi, na maelfu wakafa.

Washington haikuwatuma wauaji wa Ntoto. Wabelgiji walianza kuwahamishia watu wa Rwanda Masisi mwaka 1937, na wenyeji nao walikuwa na ugomvi wao wa ardhi. Hata hivyo, mtawala anayelindwa kutoka nje hana haja ya kuwasikiliza walio ndani. Anaweza kugawa mashamba na uraia apendavyo, maana kiti chake hakitegemei ridhaa ya wenyeji, Mhunde au Mnyanga, wala ya Mnyarwanda. Kinga hiyo ndiyo Marekani iliyompa Mobutu, mwaka baada ya mwaka, huku wanasiasa wake wakiijua tabia yake.

Kwa hiyo uovu ule haukuwa mdogo. Ulikuwa mbali tu na macho ya waliouchagua. Ubelgiji iliomba radhi kwa kifo cha Lumumba mwaka 2002. Marekani bado haijaomba.