Alitupa Jembe Kabla ya Shauri



Kwa kawaida ukurasa huu hujibu barua zenu. Mwezi huu barua zitasubiri, kwani tumemzika mama mmoja aliyejibu maswali ya namna hiyo kwa miaka mingi, bila kalamu, akiwa ameinama katika shamba lake la mboga. Jina lake silitaji. Nikilitaja, majirani wataanza kuhesabu ni akina nani waliokuwa wakiingia langoni pake siku za Jumamosi, na siri hizo yeye amekwenda nazo kaburini.

Alikuwa mwalimu wa shule ya upili, na kazi yake kubwa ilikuwa ushauri nasaha kwa wanafunzi. Alistaafu akiwa na miaka 55, maana kabla ya mwaka 2009 huo ndio uliokuwa umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma. Sasa ni 60. Padre akamwomba awasaidie wanandoa wa parokia waliokuwa na shida. Alikubali kwa sharti moja: waje nyumbani kwake, na waje na nguo za kazi.

Ninyi mnajua tulivyozoea kusuluhisha ndoa. Wazee huketi sebuleni, mume upande huu, mke upande ule, na kila mmoja huleta mashtaka yake kama aliye mahakamani. Mama huyu hakutaka sebule. Mume alipewa jembe, mke akapewa miche ya sukuma wiki au ndoo ya samadi, na kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyeulizwa neno. Alisema kwamba watu wawili wanaofuata mstari mmoja wa mboga husema mambo ambayo hawawezi kuyasema wakitazamana usoni.

Najua habari hizi kwa sababu mimi na mke wangu tulipita humo. Ilikuwa mwaka wa nane wa ndoa yetu. Nilikuwa nimechukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo ili kumsaidia ndugu yangu, na sikumwambia mke wangu. Makato yalipoanza, nilidanganya kwamba mishahara imechelewa. Karo ya mtoto wetu wa kwanza ikakosekana. Kisha siku moja, akifua nguo, mke wangu akaikuta karatasi ya mshahara mfukoni mwa suruali yangu. Hakupiga kelele. Kwa miezi mitatu hatukusemezana ila kwa kupitia watoto: “Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani.” Sanduku lake lilikuwa limekwisha fungwa katekista alipotushika mikono na kutupeleka kwa yule mama.

Alituonyesha mti wa avokado uliokuwa na umri wa miaka saba na haujazaa hata tunda moja. Akaniuliza ningeufanya nini. Nilijibu kwa hasira kwamba ningeukata. Ndipo akamwambia mke wangu, “Mwanangu, msimulie mume wako habari za ule mtini katika Injili ya Luka, sura ya 13.”

Mnaikumbuka. Mwenye shamba amengoja matunda miaka mitatu, anataka mti ukatwe. Mtunza shamba anamsihi auache mwaka mmoja zaidi. Mara nyingi tunahubiriwa kwamba mfano huu wafundisha uvumilivu, na mara nyingi ni mke anayehubiriwa hivyo. Vumilia, mama. Atabadilika. Lakini mama yetu aliuliza: Je, mtunza shamba aliahidi nini? Aliahidi kuuchimbia mti pande zote na kuutia samadi. Hakuomba mwaka wa kukaa na kuutazama. “Mwaka bila jembe,” alisema, “ni mwaka wa bure tu.”

Basi tukachimba. Nakiri kwamba siku hiyo sikuwa na hamu ya mafumbo; mgongo uliniuma. Alitusimamia kama watoto wa shule. Tusichimbe karibu na shina, kwani mizizi ya avokado inayokula iko juu juu na jembe huikata upesi. Samadi isiguse shina. Tena isiwe mbichi kutoka bomani, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Iachwe kwanza ioze mpaka ipoe na kupoteza harufu. Hapo mke wangu akasema, bila kuinua kichwa, kwamba hata yeye alikuwa na maneno aliyoyaweka miezi mitatu na bado hayajapoa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kuniambia mimi mwenyewe tangu siku ya ile karatasi.

Kabla hatujaondoka, mama alitupa kazi ya nyumbani. Kila mwisho wa mwezi niweke karatasi ya mshahara mezani, mbele ya mke wangu, kabla ya kula. Deni nililieleze lote, shilingi kwa shilingi, hata lile la duka ambalo hakuna aliyeliuliza. Naye mke wangu aache kumpelekea mama yake kila habari ya nyumba yetu, kwa maana nilikuwa nimeona haya kwenda ukweni. Na kila Jumamosi turudi kwenye mti. Nilikwenda pia kwa padre kupokea sakramenti ya kitubio. Hilo mama hakuniagiza, ila nilipomwambia alifurahi.

Msifikiri mambo yalinyooka. Jumamosi ya tatu tuligombana palepale, mbele ya kunde na dhania, hata mama akaingia ndani kuchemsha chai na kutuacha. Wakati mwingine hufikiri kwamba hata ugomvi wa kwanza wa mume na mke ulitokea bustanini. Mungu alikuwa amempa Adamu bustani ailime na kuitunza, nayo ilikuwa zawadi, kabla ya dhambi yoyote. Naye mara tu alipoulizwa, akamsukumia mkewe lawama. Nami nilikuwa nimemlaumu ndugu yangu, mwajiri, na hata mke wangu kwa kupekua mfuko.

Mwaka ule mti haukuzaa. Ulipofika mwezi wa kumi na mbili nilimwambia mama kwamba mwaka umekwisha. Akacheka, akasema avokado iliyopandwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka mitano, hata kumi na zaidi, tofauti na ile ya kuunganishwa, na kwamba mwaka ule haukuwa wa mti.

Lazima niseme jambo jingine, wasije wakadhani kwamba jembe lilikuwa dawa ya kila kitu. Mama aliyekuja na uso uliovimba kwa kipigo hakupewa miche. Aliingizwa ndani, akapewa chai, kisha akapelekwa hospitali na kituo cha polisi kuchukua fomu ya P3. Mama yetu alijua sheria ya nchi ya mwaka 2015 inayowalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na alijua sheria ya Kanisa pia. Kanuni ya 1153 yamruhusu mwenzi anayehatarishwa vikali, yeye au watoto, kuishi mbali; na Papa Fransisko, katika wosia wa kitume wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliandika kwamba kuna nyakati ambapo kutengana hulazimu kimaadili. Mwanamke anayepigwa hakuambiwa “mwaka mmoja zaidi” katika nyumba ile. Wazee wa jumuiya ndogo ndogo, tafadhalini, lisomeni fungu hili mara mbili.

Mwenyewe alipendaje shamba? Nilimwuliza siku moja. Alisema kwamba kwa miaka mingi alibaki shuleni hadi usiku akiwasikiliza watoto wa wengine, huku mume wake akila chakula baridi peke yake. Aliona ni wito. Kisha mume akapooza upande mmoja na kusema kukawa shida. Madaktari walishauri akae nje apate jua. Basi mama akaanza kulima pale mbele ya kiti chake, ili awe na sababu ya kuwa karibu naye bila kumfanya ajione mgonjwa. Mzee alikuwa akimwonyesha kwa fimbo magugu aliyoyasahau. “Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kupita yote,” aliniambia. Mzee alipofariki, kile kiti hakikuondolewa. Sisi tuliochimba hapo tulikuwa tukikizunguka.

Baada ya maziko watoto wake waliigawa miche iliyobaki kitaluni, ikiwa katika makopo ya mafuta ya kupikia. Tulipewa mmoja, avokado ya mbegu. Nimeuchimbia shimo kando ya tangi la maji. Mke wangu asema ni karibu mno na ukuta, nami naona ana haki; tutauhamisha mvua ikianza.