Pole na Kazi, Kwa Aliyelipa Kiingilio

Anayempita mwenzake akiwa kazini, kwa adabu ya Kiswahili, humwambia "pole na kazi". Wanaojifunza lugha hii ukubwani hushangaa: kwa nini mtu apewe pole kwa jambo lisilo msiba? Huambiwa kwamba hiyo ni salamu tu. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu salamu yenyewe huenda upande mmoja. Asiye na jembe ndiye humpa pole aliyelishika. Aliyelishika hujibu "nimeshapoa", au "asante", na kuendelea kulima. Kinachokiriwa kati yao ni kwamba mmoja ana nafasi ya kupita na mwingine hana. Je, ungamo hilo lina uzito gani pale ambapo anayepita amelipa langoni ili aje kutazama?

Fereej Bin Mahmoud ni mahali pafaapo kuliuliza swali hili. Mtaa huo wa Doha, kituo kimoja cha metro kutoka Msheireb, umesongamana majengo ya fleti yenye wapangaji kutoka pande zote za Bahari ya Hindi, Wakenya, Waganda na Watanzania wakiwamo: wauguzi, wahasibu, walinzi, wahudumu wa hoteli. Miezi ya baridi ikiingia, marafiki huchangishana fedha, hukodi gari, na Ijumaa huelekea kaskazini. Huzuru shamba la mboga, hupitia soko la msimu la wakulima, kisha huenda kwenye mikoko ya Al Thakira, yapata kilomita 60 kutoka mjini. Wasiochoka husonga hadi Zubarah kuiona ngome ya 1938. Jioni hurejea na boksi la nyanya na picha nyingi. Ni furaha halali, na mtu aliyesimama zamu siku sita hahitaji kuombewa radhi kwa kuitafuta.

Hata hivyo, shamba la Qatar si mandhari ya kawaida. Nchi haina mto hata mmoja. Mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 100. Maji ya kunywa ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na mashamba hutegemea sana visima ambavyo huvutwa kwa kasi inayopita uwezo wa mvua kuvijaza. Juni 2017, majirani walipoifungia nchi hii mipaka, hata maziwa yaligeuka suala la dola, na mwezi uliofuata ng'ombe wakaanza kushushwa kutoka kwenye ndege. Uoto anaoupiga picha mgeni ni wa kulazimishwa, saa kwa saa, na wapo wanaoulazimisha: Wanepali, Wabangladeshi, Wahindi, mara nyingine Waafrika Mashariki, wanaokagua mipira ya matone na kuchuma matango chini ya vivuli vya wavu.

Sheria nayo ilikuwa imewatenga hao na waliokuja kuwatazama. Sheria ya Kazi Na. 14 ya 2004 iliwaacha nje wafanyakazi wengi wa kilimo na uchungaji, kama ilivyowaacha watumishi wa nyumbani. Kibali cha mwajiri cha kutoka nchini kiliondolewa kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, lakini mtu wa shamba alisubiri hadi Januari 2020. Kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, kilichoanza Machi 2021, ndicho kilichowajumuisha wote. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, basi, mhudumu wa hoteli aliyeshuka garini aliweza kuondoka nchini bila kumwomba mwajiri ruhusa, na aliyemfungulia lango la shamba hakuweza. Walikuwa wageni wote wawili katika nchi ileile.

Immanuel Kant, katika risala yake ya 1795 kuhusu amani ya kudumu, alitenganisha haki ya kuzuru na haki ya kukaa kama mgeni wa nyumba. Ya kwanza aliiona ni ya kila binadamu, na ya pili akaona yahitaji mapatano maalumu. Methali yetu inaligawa jambo hilo kwa siku: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunaitumia kuwakemea wavivu, ila ina ahadi ndani yake. Aliyepewa jembe hula alicholima, na ugeni wake umekwisha. Katika Ghuba mpango umepinduka: jembe hutolewa siku ya kwanza, na ugeni waweza kudumu miaka ishirini.

Mzanzibari aliye garini analijua jambo hili kwa upande wa pili. Kule Kizimbani watalii huzungushwa kwenye mashamba ya viungo, wakanusishwa mdalasini, wakatazama kijana akiukwea mnazi huku akiimba. Anayeimba anajua anatazamwa, na bakshishi ni sehemu ya hesabu. Mara chache huelezwa kwamba mikarafuu ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Utumwa uliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Qatar mwaka 1952. Nyumba ya Bin Jelmood, jumba la makumbusho lililoko Msheireb, inaieleza historia hiyo kwa uwazi ambao miji mingi ya pwani yetu bado haijaufikia. Haimo katika ratiba nyingi za Ijumaa, ingawa ni karibu kuliko shamba lolote.

Huko Al Thakira mti unaowapokea wasafiri ni mchu, uleule wa Lamu na Rufiji. Watoto wa pwani hulipa wapige kasia kati ya miti ambayo kwao ni ya kuni na matope. Mchu si mti wa boriti. Boriti njema ni za mkoko na mkandaa, na majahazi yalizisafirisha kwa karne nyingi hadi Ghuba, ambako upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti iliyoletwa. Waliolala chini ya dari hizo hawakuwahi kupita karibu na wakataji, kwa hiyo hawakuwa na nafasi ya kuwapa pole. Mgeni wa shamba la leo ameinunua nafasi hiyo kwa kiingilio. Mkataji wake yuko hatua mbili mbele yake.

Mwenye shaka atasema pole haina gharama, na kwamba humliwaza zaidi anayeitoa. Kiarabu cha huko kina dua iliyo jirani nayo, "yaatik alafya", Mungu akupe afya, na wapo wanaoitamka bila kupunguza mwendo. Shaka hiyo ina haki yake. Lakini pole hudai kujibiwa, na anayeisema kwa dhati hulazimika kusimama asubiri. Pengine jibu litakuwa tabasamu. Pengine litakuwa kwamba mshahara umechelewa miezi mitatu, na hapo aliyekuja kupumzika atakuwa amebebeshwa habari asiyoweza kuitua kwenye boksi la nyanya. Picha haimtaki mtu asubiri chochote, na huenda ndiyo maana hupendwa. Tena picha ya mfanyakazi aliyetulia chini ya kivuli, ikisambazwa na kumfikia msimamizi, yaweza kumgharimu kazi. Ni afadhali simu irudi mfukoni kabla ya kinywa kufunguliwa, na neno litamkwe kwa lugha yoyote ambayo mchumaji ataweza kuijibu.