Muuzaji Anaponyamaza

Boneti mbili zimeegemezwa ukutani nje ya duka la spea. Zote nyeusi, zote zinang'aa, zote zina ile michoro ya miraba midogo iliyopishana ambayo vijana wenye Crown na IST wanaihusudu. Ya kwanza ni kaboni tupu. Ya pili ni faiba ya kawaida iliyovalishwa kitambaa kimoja cha kaboni juu. Mteja ametoka Mlali, wilayani Kongwa, na fedha ya mavuno ya alizeti. Kwa macho hawezi kuzitofautisha. Muuzaji anaweza, kwa sababu anajua kila moja aliinunua kwa shilingi ngapi. Mteja anaishika ile ya pili, anaisifia kwamba ni kaboni safi, anatoa pesa. Muuzaji hasemi neno. Je, amesema uongo?

Wengi watajibu upesi kwamba hapana: uongo ni maneno, na huyu hakutamka lolote. Lakini penye kitu ambacho jicho la mnunuzi haliwezi kukikagua, ukimya wa anayejua ni kauli kamili. Kauli hiyo ikimpotosha mtu, ni uongo, na uzito wake unaongezeka kitu hicho kinapokuwa chombo cha kubeba roho za watu.

Inafaa kwanza kuielewa mali yenyewe. Kaboni hii hupatikana kwa kuchoma nyuzi za plastiki maalumu kwenye joto linalopita sentigredi 1,000, mahali pasipo na oksijeni, mpaka kinachobaki ni kaboni karibu tupu. Uzi mmoja ni mwembamba kuliko unywele mara kadhaa. Nyuzi zinafumwa kuwa kitambaa, kitambaa kinalowekwa gundi ya epoksi, tabaka zinapangwa juu ya kalibu, kisha zinaokwa kwa joto na mgandamizo ili hewa yote itoke. Ikifanywa vizuri, bidhaa inakuwa na uzito wa karibu moja ya tano ya chuma chenye ukubwa uleule, na nguvu za kushangaza. Mwaka 1981 kampuni ya McLaren ilipeleka kwenye mashindano ya Formula One gari la kwanza ambalo bodi yake kuu ilikuwa ya kaboni, MP4/1. Mwaka huohuo dereva John Watson alipata ajali mbaya nalo huko Monza, Italia. Gari likapasuka, injini ikang'oka, naye akatoka akitembea kwa miguu yake.

Sifa hiyo ya Monza ndiyo inayouzwa madukani leo. Tatizo ni kwamba ubora wote wa kaboni umefichwa ndani. Tabaka ni ngapi? Hewa ilitolewa, au yamebaki mapovu? Epoksi iliiva, au ilikauka juu juu? Rangi ya mwisho ina kinga dhidi ya jua? Hilo la mwisho si dogo kwa watu wa uwanda wa kati, ambako jua linawaka miezi mingi bila wingu. Miale yake inaila epoksi isiyo na kinga: boneti inageuka manjano, inapauka, kisha inaanza nyufa ndogondogo. Chuma kikigongwa kinabonyea, mtu anaona, fundi anakinyoosha. Kaboni inaweza kupigwa jiwe la barabarani, juu isionyeshe kitu, huku ndani tabaka zimeachana. Siku ya kuvunjika inavunjika ghafla.

Mafundi wanaoijua wana kipimo chao. Fundi anachukua sarafu, ya shilingi 200 inatosha, anagonga polepole kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine. Panapokuwa pazima, mlio ni mkavu na mkali, tik, tik, tik. Ghafla panatokea sehemu ndogo ambapo mlio unazama na kuwa mzito. Hapo tabaka zimeachana. Anapiga tena pembeni, anazungushia chaki, anainua boneti na kutazama upande wa chini, maana wenye kupamba juu mara nyingi hawahangaiki na chini: faiba inaonekana, nyuzi nyeupe zilizopakwa rangi nyeusi. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji mtu aliyefundishwa, na wateja wengi hawakufundishwa.

Waswahili wana methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye nazi au ng'ombe methali hiyo inafanya kazi, kwa sababu mnunuzi anajua kutikisa nazi na anajua kumtazama ng'ombe meno. Kwenye kaboni inakwama. Kibaya kimevaa nguo za kizuri, na vyote viwili vinajiuza.

Wanafalsafa walishabishana juu ya hili kabla ya gari kuwepo. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akaleta mfano wa mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka wakati wa njaa. Anajua kwamba meli nyingine nyingi ziko njiani. Awaambie wenyeji, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Kwa maelezo ya Cicero, Diogenes wa Babeli alisema muuzaji ataje kasoro zile tu ambazo sheria inamlazimisha, mengine si wajibu wake. Antipater, mwanafunzi wake, akapinga: anayejua lazima amfunulie mnunuzi kila kitu. Cicero akasimama upande wa Antipater.

Sheria ya Tanzania imekaa karibu na Diogenes kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 17, inasema kwamba kukaa kimya peke yake si ulaghai, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamfanya anayenyamaza awe na wajibu wa kusema, au ukimya wenyewe ukawa sawa na kusema. Mlango umeachwa wazi kidogo, lakini nani atakwenda mahakamani kwa ajili ya boneti? Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na kazi hiyo ina maana kubwa kwa spea zenye jina la kampuni lililoibiwa. Boneti isiyoandikwa chochote haijaiba jina la mtu. Inapita katikati ya nyavu.

Dini hazikuacha mwanya huo. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume Muhammad alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye nafaka akaeleza kwamba imenyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na Mtume akamkana waziwazi mwenye kughushi. Jambo la kuzingatia ni kwamba yule mtu hakuwa amemwambia mteja yeyote neno la uongo. Alipanga tu: kavu juu, mbichi chini. Boneti ya faiba yenye ngozi ya kaboni ni rundo lilelile. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishika msimamo kwamba muuzaji adhihirishe kasoro zote za bidhaa, za wazi na za siri, na anayeficha amekuwa mlaghai. Fikihi ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaifuata, inampa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa iliyouzwa na kasoro ambayo hakuijua.

Kwa upande wa Wakristo, Thomas wa Akwino aliligusa swali hili katika karne ya 13 kwa umakini wa pekee. Kasoro ya wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei. Ila kasoro ya siri inayoweza kuleta hasara au hatari lazima itajwe: farasi kilema anayeuzwa kwa mbio, nyumba inayotaka kuanguka inayouzwa kama imara. Hapa tofauti kati ya bei na hatari imechorwa vizuri, na inafaa itumike madukani. Boneti inayopauka ni hasara. Breki pedi za unga uliogandamizwa vibaya, tairodi ya chuma dhaifu, bolijointi inayochomoka kwenye mteremko ni hatari. Zote zinakaa rafu moja, ndani ya maboksi mazuri, na ukimya ni uleule.

Wenye maduka wana utetezi mmoja ambao ni wa kweli. Wengi wao hawajui. Duka la Kibaigwa linanunua kwa mtu wa Dodoma, wa Dodoma ananunua Kariakoo, wa Kariakoo ameagiza China kwa picha ya simu. Mtu atadaiwaje kusema asichokijua? Akwino alilijibu hilo pia: asiyejua kasoro hana dhambi, lakini siku atakapojua anawajibika kumfidia aliyeuziwa. Na kuna neno ambalo hata asiyejua analo: "Sijui." Mwenye duka anayesema, "Kaka, hii wanasema ni kaboni, mimi sina uhakika," amebaki mkweli. Kosa linaanza pale kutojua kunapofichwa nyuma ya uso wa mtu anayejua.

Wala hapa hazihukumiwi spea zote zisizo na nembo ya kiwanda cha gari. Kampuni za Denso, Aisin na KYB zinavitengenezea spea viwanda vya magari na pia zinauza kwa majina yao wenyewe. Anayenunua boksi la KYB halisi hajanunua feki. Hahukumiwi pia maskini anayechagua cha bei ndogo. Dereva wa Noah mwenye laki moja mfukoni ana haki ya kuambiwa, "Hii ya elfu thelathini haitadumu," kisha akaamua mwenyewe. Kumnyima taarifa kwa kuwa hana pesa ni kumnyang'anya kitu kingine tena.

Itasemwa kwamba mnunuzi aliyeambiwa akakubali amejitwisha mzigo wake. Kwa boneti ya mapambo, sawa, ingawa hata hiyo nyepesi isipofungwa kwa vishikizo vya ziada inaweza kufunguka kwenye mwendo na kufunika kioo. Kwa breki, hapana, kwa sababu abiria wa kiti cha nyuma hakuwepo dukani. Kumbukumbu la Torati linaagiza anayejenga nyumba aweke ukingo kuzunguka paa, asije mtu akaanguka. Anayelindwa hapo ni mgeni, mtu ambaye hakununua wala hakuuza. Mwaka 2023, tarehe 18 Juni, nyambizi ya Titan yenye mwili wa kaboni ilibonyezwa na bahari ikaua watu 5. Wataalamu walikuwa wameionya kampuni iliyoiunda tangu 2018, na abiria walikuwa wametia saini fomu za kukubali hatari. Saini hizo hazikuifanya kaboni ile kuwa salama.

Kongwa ina kumbukumbu yake ya mashine zilizoaminiwa kabla ya kukaguliwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa Mpango wa Karanga, wakilenga zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yakinunuliwa Ufilipino, na baadaye vikaja hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Karakana zikajaa mashine mbovu zinazosubiri spea. Udongo mkavu na mgumu wa Kongwa ukamaliza meno ya majembe. Mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000, hawakusafisha hata 10,000. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara ikafikia takriban pauni milioni 36. Walipakodi wa Uingereza walilipa, na Wagogo wakabaki na ardhi iliyong'olewa miti. Wote hao hawakuwepo mezani mashine zilipokuwa zinanunuliwa.

Kwa hiyo mwenye duka aliyenyamaza mbele ya mteja wake amedanganya. Mahubiri ya Jumapili na hotuba za Ijumaa, Mlali na kwingineko, yanakemea mizani za udanganyifu mara nyingi; yataje na spea, maana leo mizani iko pia kwenye boksi la breki pedi. Na wewe msomaji, unaponunua, usiridhike na boksi wala mng'ao. Muulize muuzaji imetengenezwa kwa nini, imetoka wapi, na ikiharibika mapema atafanya nini, kisha umwombe ayaandike majibu hayo kwenye risiti na kutia saini. Akikataa, mrudishie spea yake, ubaki na fedha zako.