Sanduku la Yehoyada na Simu ya Mkononi

Somo: 2 Wafalme 12:4–15



Siku za mfalme Yoashi nyumba ya Mungu kule Yerusalemu ilikuwa imebomoka. Watu walitoa fedha, makuhani wakazipokea, lakini hata mwaka wa 23 wa mfalme huyo mahali palipobomoka palikuwa hapajatengenezwa. Maandiko hayawaiti makuhani wale wezi. Yasema tu ya kuwa kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, hazikuhesabiwa na mtu mmoja. Walikuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu pamoja. Nyumba ikatengenezwa.

Sisi watu wa Sigino twalijua sanduku la namna hiyo. Katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA, sanduku huwekwa katikati ya wote. Lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu. Fedha huhesabiwa mbele ya macho ya kila mmoja. Kwa njia hii mama aliyeuza mbaazi zake amewanunulia watoto sare za shule, naye aliyefiwa amepata msaada katika mfuko wa jamii.

Wala jambo hili si geni kwa Walutheri. Mwaka 1523 Wakristo wa mji wa Leisnig, kule Ujerumani, waliweka sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini na wazee, na Martin Luther mwenyewe aliandika dibaji ya kanuni zao. Sanduku lile liliwekewa kufuli nne: ufunguo mmoja kwa wakuu, wa pili kwa baraza la mji, wa tatu kwa wenyeji wa mji, na wa nne kwa wakulima wa vijijini. Tazameni, mkulima alishika ufunguo sawasawa na mkuu!

Sasa simu imekuja. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008. Na leo mtu wa Sigino aweza kupeleka fedha Dar es Salaam kabla chai yake haijapoa. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Sanduku huweza kuibwa usiku. Tena mgonjwa aliye kitandani aweza kulipa hisa yake kwa simu.

Lakini tumeona jambo la kuhuzunisha. Kikundi kimoja kiliamua kuziweka fedha zote katika simu ya mweka hazina, kwa kuwa alikuwa mama mwaminifu, mcha Mungu. Funguo tatu zikawa namba ya siri moja. Usiku mmoja mwanawe akaugua ghafula. Akachukua kidogo, akinuia kurudisha baada ya mavuno. Kisha mvua ikakatika. Siku ya kugawana, fedha hazikuwapo. Leo wale waliokaa benchi moja hawasalimiani, naye haji tena kwenye Meza ya Bwana. Nasi twaungama sehemu yetu, maana tuliulizwa shauri, tukajibu upesi, “Mwaminini tu.”

Ndugu, kumwachia mtu funguo zote si kumheshimu. Ni kumwacha peke yake na jaribu. Mtume Paulo hakukubali kubeba peke yake mchango wa makanisa. Alitaka wenzake waende naye, ili pasiwe na lawama (2 Wakorintho 8:18–21). Ikiwa mtume aliona haja ya mashahidi, sisi ni nani?

Basi, yafaa tufanye hivi. Fedha za kikundi zisilale katika simu ya mtu mmoja. Zipo huduma zilizoundwa kwa ajili ya vikundi, kama M-Koba, ambamo kila mwanachama huweka kwa simu yake mwenyewe, na kutoa kwahitaji idhini ya wenzake. Kikundi na kiandikishwe, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyotaka. Ujumbe wa simu usomwe kwa sauti kikaoni, ili bibi asiyejua kusoma asikie hesabu yake kwa masikio yake, wala asilazimike kumpa mjukuu namba yake ya siri. Na ukija ujumbe wa mgeni usemao fedha itumwe kwa namba nyingine, mtu asitume kitu kabla ya kuwauliza wenzake.

Tena liko neno moja kubwa kuliko hayo. Yule mama hajaitwa tena kikaoni. Deni lake na lihesabiwe, alipe kidogo kidogo kadiri awezavyo. Lakini mlango usifungwe. Kwani sisi sote tu wadeni, na aliyetulipia deni letu hakutuacha nje. Juma hili twakusudia kwenda kwake, kuomba radhi kwanza sisi wenyewe. Ni nani katika kikundi kile atakayefuatana nasi?

Bwana atufanye waaminifu katika yaliyo machache. Amina.