Je, Kumficha Ndugu Yako Kunatosha?



Sisi tuliokimbia kutoka Bujumbura na mikoani tunalijua swali hili vizuri: mtu akiwindwa, ni nani anayepaswa kuondoka, yeye au anayemwinda?

Mwaka 2008 huko Ruyigi, karibu na mpaka wa Tanzania, ndugu zetu wenye ualbino walianza kuuawa kwa ajili ya uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwendesha mashtaka wa huko, Nicodème Gahimbare, aliwapokea nyumbani kwake wakalindwa. Lilikuwa tendo jema sana. Lakini mtu aliyefichwa halimi shamba lake, na mtoto wake haendi shule aliyoizoea. Amepona, ila hajawa huru.

Kassim Kazungu, kiongozi wa chama cha Albinos Sans Frontières, alipaza sauti akidai zaidi ya maficho: ulinzi wa serikali na haki mahakamani. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani washtakiwa kadhaa, mmoja wao akapewa kifungo cha maisha. Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Tumkumbuke Mefiboshethi (2 Samweli 4 na 9). Alikuwa mtoto wa miaka mitano. Yaya wake alipokuwa akikimbia naye, alianguka, akalemaa miguu. Ni ulemavu wa ukimbizi! Daudi hakumtumia chakula huko alikokuwa. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake.

Mtu atasema: "Sisi wenyewe ni wakimbizi, tutatoa nini?" Ni kweli, mashamba hatuna. Lakini meza tunayo. Tukiri kwamba siku ya mgao tunamhurumia mlemavu kwenye mstari, ila siku ya kuchagua kamati hatumwiti. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia na mikono mirefu kwa ajili ya jua, na nafasi ya mbele darasani kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Hayo hayangoji wafadhili.

Huruma humpa mtu chakula chake. Haki humpa kiti chake. Jumapili hii, kabla hatujaketi, tutazame ni nani tumemwacha mlangoni.

Mungu atusaidie. Amina.