Kiingilio cha Mlangoni

Hivi watu waliosoma pamoja wanadaiana nini? Nilipokuwa kijana swali hili halikunisumbua, maana kijana hudhani kwamba wenzake wa bwenini watakuwapo daima, kama miembe ya shuleni. Linanisumbua sasa, kwa sababu umeenea mtindo wa wahitimu kurudi chuoni kwao baada ya miaka ishirini, thelathini au arobaini. Hukusanyika siku mbili tatu, wakatembelea mabweni, wakapiga picha, wakala na kucheza muziki wa zamani, kisha wakaagana. Sina ugomvi na mtindo wenyewe. Ugomvi wangu ni na kitu kimoja ambacho wengi hukiona kidogo, nacho ni kiingilio.

Kwa Wamarekani jambo hili ni la siku nyingi. Vyuo vikuu vyao vitatu vinagombea sifa ya kulianzisha: Baylor wa Texas kwa sherehe ya mwaka 1909, Illinois kwa ile ya 1910, na Missouri kwa ile ya 1911. Wahitimu wao hurudi wakati wa mechi ya mpira wa Kimarekani, huandamana mitaani, na vijana huchaguliwa kuwa mfalme na malkia wa siku hiyo. Chuo nacho hakikosi kuwakumbusha wageni wake kwamba jengo fulani linahitaji paa jipya. Sioni ubaya. Kule mwanafunzi au mzazi wake aghalabu hulipa karo, hivyo anaporudi na kuombwa fedha ni kama mteja wa zamani anayeombwa asilisahau duka.

Sisi wa rika langu hatukuwa wateja. Niliingia chuo cha ualimu mwaka 1981. Chuo chenyewe sitakitaja, maana hakina kosa katika haya ninayoyasema. Barua ya kuitwa chuoni ilikuja pamoja na waranti ya treni. Sikununua tiketi, sikulipa karo, sikulipia kitanda wala ugali. Baba yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alichotoa ni sanduku la bati na shuka mbili. Mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa mtoto wa afisa wa wilaya. Naye alikuwa na sanduku la bati na shuka mbili. Tukala bwalo moja, tukakimbia mchakamchaka mmoja, tukalima shamba moja la chuo, kwa kuwa Elimu ya Kujitegemea ilikuwa siasa ya nchi tangu mwaka 1967.

Tena miaka ile ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na kuiacha nchi ikiwa tupu. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, nguo ilikuwa ya kupanga foleni, na sabuni ndiyo usiseme. Mtu akipata mche wa sabuni kutoka kwao, ulikatwa kwa uzi vipande sita au vinane, kila mtu wa chumbani akapata chake. Hapakuwa na daftari la kuandika nani alileta na nani hakuleta. Walikuwapo ambao kwa miaka yote miwili hawakuleta hata kipande, na sikumbuki hata mmoja wao aliyekosa kufua.

Msomaji asinielewe vibaya, sisifu umaskini. Atakayeniambia kwamba siku zile zilikuwa njema nitamwuliza kama aliwahi kuoga kwa majani ya mpapai. Ninachosema ni kwamba usawa wetu haukutokana na wema wa mioyo yetu, kwani tulikuwa vijana kama vijana wengine, wachoyo na wenye majivuno. Tulikuwa sawa kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekwisha kutulipia. Mlango ulikuwa umefunguliwa kabla hatujafika.

Mtu huyo ni nani? Mwalimu Nyerere alipenda kutoa mfano wa kijiji chenye njaa, ambacho hukusanya chakula chote kilichobaki na kumpa kijana mmoja ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Kijana akishiba asirudi, ni msaliti. Wasomi hawakuupenda sana mfano huo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, kupinga mpango wa kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300 warudi makwao. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Mpaka leo watu hubishana kama adhabu ile ilikuwa ya haki. Mimi naona ilikuwa kali kupita kiasi, na kwamba wale vijana walikuwa na hoja walipouliza mbona wakubwa hawajifungi mkanda. Lakini jambo moja lilisemwa siku ile waziwazi, nalo halijafutika: aliyesomeshwa kwa kahawa na pamba ya mkulima anadaiwa na mkulima. Siku hizi mambo yamebadilika. Kuchangia gharama kulianza katika miaka ya tisini, na Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kijana wa leo deni lake analijua kwa tarakimu. La kwetu halikuandikwa popote, na deni lisiloandikwa ni rahisi kulisahau.

Basi mwaka 2018 darasa letu lilitimiza miaka 35 tangu kumaliza. Ikaundwa kamati, likafunguliwa kundi la simu, na baada ya majuma mawili likatoka tangazo: kila mmoja atachangia shilingi 200,000 kwa ajili ya ukumbi, chakula, fulana, video na zawadi ya mkuu wa chuo. Hoteli na nauli ni juu ya kila mtu. Asiyelipa hadi tarehe fulani hatapewa fulana, na asiye na fulana hataruhusiwa ukumbini, ili kuwazuia wavamizi.

Katika kundi lile alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye baada ya kustaafu alirudi kulima kwao, nyanda za juu kusini. Mwaka 2017 serikali ilikuwa imezuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaanguka, na yeye alikuwa na magunia ghalani asiyopata mnunuzi wa maana. Hakulalamika. Aliandika, “Nimeona. Nawatakia mkutano mwema,” akajitoa. Baada ya siku chache wakajitoa na wengine watatu, hao bila hata kuaga.

Nilipinga kiingilio kile katika kikao cha kamati, nikashindwa kwa kura. Ni haki nieleze hoja za walioshinda, maana hazikuwa za kijinga. Mweka hazina wetu, mtu mwaminifu kuliko wengi niwajuao, aliuliza, “Ukumbi unalipiwa. Mpishi analipwa. Kama si sisi, nani alipe?” Akaongeza kwamba ukiondoa kiwango, wenye uwezo ndio wa kwanza kutoa elfu kumi na kula kwa laki mbili. Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi, na najua hakusema uongo.

Mwingine, mama aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, alipinga wazo la kuwalipia kimyakimya wasio na uwezo. “Ndugu yangu,” aliniambia, “kumlipia mtu mzima wa rika lako bila yeye kuomba ni kumvua nguo. Atakaa pale akijiuliza ni nani kati yetu aliyemnunulia sahani.” Hoja hii iliniingia kuliko zote. Ni kweli kwamba kipande cha sabuni hakikumvunjia mtu heshima mwaka 1982, lakini wakati ule kila mtu alijua kwamba kesho zamu inaweza kumgeukia. Mwenye ghorofa hategemei kwamba zamu itamgeukia.

Tatizo, naona, ni kwamba hatukuamua kwanza mkutano wetu ni shughuli ya namna gani. Kwetu kuna shughuli mbili kubwa zinazokusanya watu, harusi na msiba. Harusi ina kadi. Aliyechanga kidogo hupata kadi ya mtu mmoja, aliyechanga zaidi hupata ya watu wawili, na asiyechanga hubaki nyumbani wala hanung’uniki, kwa sababu harusi ni furaha ya wenyewe. Msiba hauna kadi. Daftari la rambirambi lipo, na majina huandikwa, sitaki tujifanye watakatifu. Lakini hakuna aliyewahi kusimama mlangoni pa msiba akamrudisha mtu kwa sababu jina lake halimo. Asiye na fedha huchota maji, huchanja kuni, huchimba kaburi. Hesabu ya msiba ina nafasi ya jasho. Karatasi ya michango ya kamati yetu ilikuwa na safu ya jina, ya simu na ya shilingi, basi. Mtu mwenye magunia ya mahindi ghalani hakuwa na mahali pa kuyaandika, ilhali watu wale walikuwa wanakuja kula ugali.

Je, kukutana kwa waliosoma pamoja ni harusi au ni msiba? Nilihudhuria ule wa 2018, na nilitazama kwa makini. Kulikuwa na keki na muziki. Lakini jambo la kwanza kabisa lililofanyika, kabla ya sala ya chakula, lilikuwa kusoma majina ya waliofariki. Yalikuwa majina 19. Ukumbi ulinyamaza, na mtu hakuweza kutofautisha mstaafu wa benki na mstaafu wa shule ya kata. Baadaye tukaanza kujitambulisha, kila mmoja na vyeo vyake, tukarudi kuwa watu wa harusi. Niliwaza kwamba wale wanne waliojitoa hawakutajwa katika orodha yoyote. Wangekuwa wamekufa tungewasimamia kwa dakika nzima.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kiingilio cha mlangoni hakikupaswa kuwapo. Tulikuwa darasa moja kwa sababu hakuna aliyetozwa ili aingie. Kundi lililoanza hivyo likikutana tena kwa masharti ya kutozwa, limekuwa kundi jingine linalotumia jina la zamani: kundi la waliofanikiwa kiasi fulani na ambao, kwa bahati, waliwahi kupita chuo kimoja. Na yule mkulima aliyetulipia sote, ambaye hatukumwalika kabisa, tulipata nafasi ya kumwalika katika nafsi ya mwenzetu aliyerudi kulima, nasi tukamdai shilingi 200,000.

Mwaka 2023, miaka 40 ilipotimia, hoja hii ilipita kwa tofauti ya kura tatu. Hatukukodi hoteli, wanafunzi walikuwa likizo, tukaomba kulala mabwenini. Wenzetu wawili waliona hayo ni madharau, wakabaki makwao. Kila mtu alileta alichoweza ndani ya bahasha isiyo na jina, au kwa kichwa. Tulipata mchele, kuku, debe la karanga, na mbuzi mmoja aliyesumbua usiku kucha. Waliojitoa mwaka 2018 walikuja watatu kati ya wanne.

Fedha zilipungua. Hasara ilikuwa shilingi 380,000, na bahasha kadhaa, kama mweka hazina alivyotabiri, zilikuwa na elfu kumi kutoka kwa watu ambao magari yao tuliyaona yameegeshwa nje. Sehemu ya hasara nimelipa mimi, sehemu amelipa yeye. Anasema ninachokiita usawa ni kuhamisha tu ankara kutoka mlangoni kwenda mfukoni mwa watu wawili wenye haya. Namjibu kwamba ankara yetu ya kwanza nayo ilihamishwa hivyo hivyo, ikaenda kwa watu ambao hata haya zao hatukuziuliza. Hajakubali. Tunaendelea kubishana kila Jumapili baada ya ibada, na mkutano wa miaka 45 anataka ulipiwe mapema.